Mjadala: Sanaa mpya kwenye ufukwe wa kale, na njia ya kwenda majini

Ndugu wachangiaji,

Swali lililo mbele yetu ni hili: je, miji, makanisa, ngome na nyumba za kale zilizo kandokando ya maziwa ziruhusiwe kuwa kumbi za matamasha ya sanaa ya kisasa? Nimeisoma michango iliyotangulia kwa makini, na naona imegawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema kwamba mahali palipotunzwa kwa karne kadhaa hapastahili kuvishwa mapambo ya msimu mmoja, na kwamba msanii anayetaka kuonyesha kazi zake mpya atafute ghala tupu. Upande wa pili unasema kwamba jengo lisilotumika hufa, kwamba tamasha huleta wageni na fedha, na kwamba kila kilicho cha kale leo kiliwahi kuwa kipya. Mimi nayaunga mkono matamasha haya, lakini si kwa sababu zilizotolewa na upande wa pili, na nitajaribu kueleza kwa nini naona pande zote mbili zimelisahau jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni ziwa lenyewe.

Nianze na hoja kwamba sanaa mpya hunajisi mahali pa kale. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa majengo duniani kote bado huurejea, unasema katika kifungu cha 5 kwamba uhifadhi hurahisishwa pale jengo linapopewa kazi yenye manufaa kwa jamii, ilimradi kazi hiyo isibadilishe mpangilio wala mapambo yake. Wanaotetea matamasha hukinukuu sana kifungu hicho, na wana haki. Tatizo ni kwamba wengi wao hawafiki kifungu cha 7, kinachosema kwamba jengo haliwezi kutenganishwa na historia linayoishuhudia wala na mazingira lilimosimama. Sasa mazingira ya jengo la ukingoni mwa ziwa ni nini, kama si maji? Ngome haikujengwa pale kwa ajili ya mandhari. Ilijengwa ili ilinde njia ya mashua na kutoza ushuru wa mizigo. Kanisa lilielekezewa gati kwa sababu waumini walifika kwa makasia. Ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini ni za kale kama kuta zilizo juu yake, na mara nyingi ndizo zinazotumika hadi leo kwa kazi ileile zilizojengewa, wakati kuta zimebaki kutazamwa tu. Kwa hiyo tukisema tunalinda urithi huku tukiufunga ufukwe kwa uzio wa mabati, tumelinda nusu moja kwa kuivunja nusu nyingine.

Wala tusidhani kwamba mahali pa kale ni kitu kimoja kisichobadilika. Kanisa la Mtakatifu Sofia la Ohrid, katika Makedonia Kaskazini, ni la karne ya 11. Wakati wa utawala wa Waosmani liligeuzwa msikiti na michoro yake ya ukutani ikafunikwa kwa lipu, hadi karne ya 20 ilipofunuliwa tena. Tangu mwaka 1961 ndani ya kuta hizohizo hupigwa muziki wa tamasha la kiangazi la mji huo. Ohrid imo katika orodha ya Urithi wa Dunia, ziwa tangu mwaka 1979 na mji tangu mwaka 1980, na kwa miaka kadhaa sasa kamati ya urithi huo imekuwa ikitoa maonyo makali. Maonyo hayo hayahusu matamasha. Yanahusu ujenzi holela unaoula ufukwe. Nawaomba wanaoogopa sanaa ya kisasa walitafakari jambo hilo, kwa sababu kazi ya sanaa iliyokaa majuma matatu hufungashwa ikaondoka, lakini zege la hoteli halifungashwi.

Hata hivyo, si kila kilichoitwa cha muda hubaki cha muda. Huko Bregenz, Austria, kwenye Ziwa Constance, tamasha lilianza mwaka 1946, mwaka mmoja tu baada ya vita, kwa matishari mawili ya kubebea kokoto yaliyofungwa bandarini, moja likiwa jukwaa na jingine likiwabeba wanamuziki. Leo jukwaa la ziwani la Bregenz lina viti karibu 7,000, na mandhari ya opera moja husimama majini kwa misimu miwili ya kiangazi kabla ya kubomolewa. Mimi naliheshimu tamasha lile, na siamini kwamba limeuharibu mji wake. Lakini nikiyawaza matishari yale mawili naona jinsi jambo la kuazima linavyoweza kuwa la kumiliki bila mtu yeyote kuulizwa siku moja, waziwazi, kama linakubaliwa. Ndiyo maana neno "muda" katika kibali halinitoshi. Nataka kujua nani atakayesema muda umekwisha.

Mfano unaonifundisha zaidi ni ule wa Ziwa Iseo, kaskazini mwa Italia. Kuanzia tarehe 18 Juni hadi tarehe 3 Julai 2016, msanii Christo alitandaza juu ya maji njia ya kutembea kwa miguu yenye urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 16, iliyouunganisha mji wa Sulzano na kisiwa cha Monte Isola, kisha na kisiwa kidogo cha San Paolo. Njia hiyo ilielea juu ya maboya ya plastiki 220,000 yenye umbo la mchemraba, ikashikiliwa na nanga za zege zilizoshushwa na wapiga mbizi, na juu yake kikatandikwa kitambaa cha manjano ambacho kilipolowa maji kiliiva na kuelekea wekundu. Wimbi lilipopita chini, aliyekuwa juu alilisikia kwenye nyayo zake. Hapakuwa na kiingilio. Gharama za kazi yenyewe zililipwa kwa mauzo ya michoro ya msanii huyo. Wazo hilo Christo na mkewe Jeanne-Claude walikuwa nalo tangu mwaka 1970, na Jeanne-Claude alifariki mwaka 2009 bila kuliona likitimia.

Wako wakosoaji waliosema kwamba ile haikuwa sanaa bali matembezi. Mimi naona kwamba hapo ndipo ilipokuwa sanaa. Wakazi wa Monte Isola, ambao maisha yao yote huvuka kwa boti, kwa siku 16 waliweza kutoka mlangoni na kutembea juu ya ziwa lao hadi ng'ambo, na kulitazama kutoka mahali ambapo hapajawahi kuwa na mahali pa kusimama. Kazi ile haikuugeuza mji wa kale kuwa pambo la nyuma ya jukwaa. Iliongeza njia ya kufika majini badala ya kuipunguza, na ilipokwisha vyote viliondolewa na kupelekwa kurejelezwa. Kwa kipimo ninachokipendekeza hapa, ilifaulu vizuri.

Ilikwama kwingine, nami siwezi kulificha hilo kwa sababu tu naipenda. Walifika watu wapatao milioni 1.2, yaani wastani wa watu 75,000 kwa siku, kuelekea kisiwa chenye wakazi wasiofika 2,000. Wasafiri walikwama katika kituo cha treni cha Brescia kwa sababu njia ndogo ya reli ya kandokando ya ziwa haikuweza kuwabeba. Njia ile ya kutembea juu ya maji, iliyokusudiwa kuwa wazi saa 24, ikalazimika kufungwa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri ili isafishwe na kukarabatiwa. Sasa mfikirie mama mwenye mtoto mgonjwa, au mtu anayewahi kazini, katika mji ambao barabara yake ni moja na imejaa wageni tangu asubuhi. Sisemi kwamba kazi ile isingefanywa. Nasema kwamba idadi ya watu ni sehemu ya kazi ya sanaa kama vile kitambaa na maboya vilivyo sehemu yake, na msanii au mwandaaji anayepanga kila kipimo cha kitambaa huku idadi ya watu akiiachia bahati hajaimaliza kazi yake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ndugu aliyeandika kwamba tamasha linafaa kwa kuwa huleta wageni. Hoja hiyo inaweza kufaa mahali palipokauka wageni, lakini sehemu nyingi za kale za ukingoni mwa maziwa hazina upungufu huo hata kidogo. Hallstatt, huko Austria, ni kijiji cha watu wapatao 750 kilichoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1997. Mwaka 2023 kiliwekwa kizuizi cha mbao ili kuwazuia wageni wasipige picha kwenye eneo moja maarufu, kikaondolewa baada ya malalamiko, na miezi michache baadaye wakazi wakaifunga barabara ya handaki inayoingia kijijini wakidai idadi ya wageni ipunguzwe. Ukienda kuwaambia watu hao kwamba unawaletea tamasha ili wapate wageni, utakuwa umewatukana. Fedha ya wageni, isitoshe, haigawanyiki sawa: anayelala karibu na vipaza sauti na anayekodisha vyumba mara nyingi si mtu mmoja.

Naomba sasa niseme niliyoyaona mwenyewe. Niliwahi kufanya kazi kwa majuma sita nikiwa mlinzi wa vyumba katika tamasha moja la aina hii, ndani ya nyumba ya zamani iliyokuwa hatua chache kutoka majini, ambayo sitaitaja wala kuwataja waliohusika. Kazi iliyoonyeshwa katika chumba changu ilikuwa nzuri, na bado naikumbuka: msanii alikuwa amerekodi mwanga wa ziwa unaorukaruka, akaurusha kwenye dari, hivi kwamba mgeni aliyeinua macho alijiona yuko chini ya maji. Kuta zilikuwa za mawe na chokaa. Makubaliano yalisema kwamba mitambo ya kuonyeshea picha isimikwe juu ya nguzo za kujisimamia. Lakini usiku wa kuamkia ufunguzi nguzo zilipungua, fundi akatoboa ukuta matundu manne. Tamasha lilipokwisha matundu yalizibwa kwa saruji, yakapakwa rangi, na ripoti ikaandikwa kwamba jengo limerudishwa kama lilivyokuwa.

Nilirudi kutazama baada ya msimu wa mvua. Ukuta wa chokaa hupumua. Hupokea unyevunyevu wa ziwa na kuutoa polepole, na ndiyo sababu umedumu. Saruji haipumui hivyo. Unyevunyevu ulikuwa umejikusanya kuzunguka viraka vyote vinne, lipu imevimba na kubanduka kwa upana wa kiganja, na chumvi nyeupe imechomoza juu yake kama unga. Nilipoigusa ilibaki vidoleni. Hapakuwa na mtu wa kuulizwa, kwa sababu hesabu zilikuwa zimefungwa na fedha za dhamana walizoweka waandaaji zimerudishwa.

Katika nyumba hiyohiyo kulikuwa na ngazi za mawe zilizoshuka hadi majini, na waandaaji walikuwa wameziwekea uzio kwa kuwa ndani ya eneo lao kulikuwa na kiingilio. Mzee mmoja aliyezoea kufunga mtumbwi wake chini ya ngazi zile alifika alfajiri ya siku ya pili, akanikuta mimi langoni. Hakugomba. Aliniuliza, "Mwanangu, ngazi hizi mmezikuta au mmekuja nazo?" Nilimfungulia, na jioni nikaonywa na msimamizi wangu. Waandaaji hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamepewa ramani yenye jengo na bustani, na ngazi zikaonekana kama sehemu ya bustani. Aliyeichora ramani ile hakuwa amewahi kuona mtumbwi ukifungwa pale, na hakuna aliyemwambia.

Kwa sababu hizo naona kwamba mjadala wetu unaouliza "sanaa ya kisasa, ndiyo au hapana" umeshika mkia ukaacha kichwa. Mimi ningetaka kila kibali kianze na ufukwe. Njia zote za kwenda majini zilizokuwa wazi kabla ya tamasha zibaki wazi na bure wakati wa tamasha, hata kama eneo lililo juu lina tiketi. Mwalo wa wavuvi usiguswe. Matete, ambamo samaki huzaa na ndege hujenga viota, yasikatwe ili watazamaji waone vizuri zaidi. Na taa zinazomulika maji zizimwe usiku, kwa maana mwanga huwavuruga wadudu na viumbe wanaowategemea hata baada ya wageni kwenda kulala. Idadi ya wageni kwa siku iwekwe kwa kuhesabu boti, viti vya treni na vyoo vilivyopo, si kwa kuhesabu tiketi zinazoweza kuuzika. Na dhamana ya mwandaaji isirudishwe siku ya kufungasha mizigo, bali ishikwe mpaka mvua za msimu mmoja zipite na fundi anayeijua chokaa azikague kuta. Hilo la mwisho nalisisitiza kuliko yote. Madhara kwenye jengo la ukingoni mwa ziwa hayaonekani siku ileile, na mkataba unaokwisha siku ileile ni mkataba wa kutoyaona.

Nimeulizwa na mchangiaji mwingine kama kwa masharti haya siwanyimi wenyeji nafasi ya kupata kazi ya sanaa ya kudumu wanayoitaka. Hapana. Mjini Vevey, Uswisi, kwenye Ziwa Geneva, kuna uma wa chuma wenye urefu wa mita 8 uliochomekwa majini mbele ya jumba la makumbusho ya chakula. Uliwekwa mwaka 1995 kuadhimisha miaka 10 ya makumbusho hayo, kwa kibali cha muda, kisha ukaondolewa kama ilivyoandikwa. Uliporudishwa mwaka 2007 kwa ajili ya onyesho jingine, wakazi walitia saini kuomba ubaki, na mamlaka ikakubali. Utaratibu huo ndio ninaoupenda: kazi ije, iondoke kweli, watu wakae na nafasi iliyobaki wazi, kisha wao wenyewe waseme kama wanaikosa. Mji huohuo tangu mwaka 2008 una tamasha la picha la kila baada ya miaka miwili, ambapo picha kubwa hutundikwa kwenye kuta za majengo na kwenye bustani za kando ya ziwa bila kiingilio, na sidhani ni bahati tu kwamba mahali palipojifunza kuondoa ndipo panapokaribisha kwa moyo mkunjufu.

Kuna aina moja ya mahali ambapo hata kipimo changu cha ufukwe hakitoshi, nami nakiri kwamba hapo nasita. Si kila ukingo wa kale una historia ya kasri na bustani. Ebensee, kwenye Ziwa Traun huko Austria, palikuwa na kambi ya mateso ya Wanazi, tawi la Mauthausen, ambako wafungwa walichimbishwa mahandaki mlimani hadi kambi ilipokombolewa mwezi Mei 1945. Mwaka 2024, eneo la Salzkammergut lilipokuwa mojawapo ya miji mikuu ya utamaduni ya Ulaya, msanii Chiharu Shiota alisimika kazi yake ndani ya handaki la kumbukumbu la Ebensee. Naelewa kabisa wanaosema kwamba mahali kama pale panadai ukimya na si maonyesho. Hata hivyo naona kwamba wageni wanaokwenda ziwani kwa ajili ya boti na kuogelea wasingeingia katika handaki lile kama kazi ile isingewaita, na kwamba kulisahau handaki kwa jina la heshima kungekuwa kosa kubwa zaidi. Lakini ruhusa ya mahali kama hapo haiwezi kutolewa na ofisi ya utalii, wala hata na wenyeji peke yao; waliopoteza jamaa zao humo lazima wawe na kauli, na kauli yao ikiwa ni "hapana" basi iheshimiwe bila kudaiwa maelezo.

Kwa wale wanaopinga moja kwa moja, nina swali ninalotaka lijibiwe hapa: iwapo njia za majini zitabaki wazi, dhamana ikashikwa msimu mzima, na wakazi wakapiga kura, ni kitu gani hasa kitakachokuwa kimeharibika? Kama jibu ni kwamba macho yenu hayapendi kuona kitu kipya karibu na kitu cha kale, nitaliheshimu, ila semeni hivyo waziwazi, tusilifiche nyuma ya neno "uhifadhi". Na kwa waandaaji wanaosoma hapa: nani aliyewachorea ramani yenu ya mwisho, na je, aliwahi kufika pale alfajiri? Ningependa kuwasikia zaidi wale walioishi ndani ya eneo la tamasha la namna hii, hasa wenye mitumbwi na wenye nyumba za karibu na gati, watueleze asubuhi ya kwanza baada ya tamasha walikuta nini kwenye ngazi.